Kadi nazipa tisa kwa kumi, spika naipa mbili

Hapa napima boksi la hadithi za watoto za kusikiliza nililolinunua Kampala. Nianze na mchele, maana bila ule mchele nisingekuwa na cha kuandika hapa.

Ilikuwa Ijumaa, mwezi wa pili. Stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi, simu ya mama watoto imezimika, nami nilikuwa nimepita nyumbani mara moja kula kabla ya kurudi mpakani. Nikamwita kijana wetu wa mwisho, ana miaka sita, yuko darasa la kwanza. Nikamwambia: "Kimbia dukani kwa mama. Mwambie leo asifunge mapema. Kuna mtu analeta magunia manne ya mchele saa kumi, anakuja na pikapu nyekundu." Akaitikia, "Ndiyo, Baba," akatoka mbio hata viatu hakuvaa.

Alifika salama, ujumbe haukufika. Alichomwambia mama yake ni hiki: "Baba amesema kuna pikapu nyekundu." Pikapu ya nani? "Nyekundu." Inafanya nini? "Inakuja." Mama watoto akacheka, saa tisa akafunga duka akaenda matangani. Mwenye mchele alikuta kufuli, akayauza magunia yote manne kwa jirani wa ng'ambo ya barabara, ambaye kwa wiki mbili aliniuzia kwa kilo mchele uliokuwa wangu.

Sikumgombeza. Kilichonikaa kichwani ni kwamba mtoto hakusahau. Neno alilibeba, tena kwa uaminifu kabisa, ila alibeba rangi akaacha mzigo. Na mimi ni ajenti wa forodha hapa Busia, upande wa Uganda; kazi yangu yote ni kutaja mzigo. Kontena linaweza kuwa na vitu mia, lakini kwenye fomu kuna mahali panapouliza lori limebeba nini, na ukipajaza ovyo utalala na dereva wako getini. Nikajiona nina mtoto ambaye angeandika "turubai la buluu" akaona amemaliza.

Wiki chache baadaye nilikuwa Kampala kwa shughuli zangu. Nilipomaliza nikashuka mitaa ya Nasser Road, kule kwenye mashine za kuchapa, kutafuta daftari za risiti. Kwenye duka moja la vifaa vya shule nikaona boksi la hadithi za kusikiliza. Jina la duka naliacha, kwa sababu nina la kulalamika na sitaki maneno na mtu. Ndani ya boksi: spika ndogo ya kuchaji kwa jua, memori kadi yenye hadithi 24, kadi za picha 72 za karatasi ngumu, na kijitabu cha mzazi. Juu yake wameandika kwamba linamsaidia mtoto wa miaka mitano hadi minane kusikiliza na kushika wazo kuu. Shilingi 85,000. Nikaomba anipunguzie, akashuka mpaka 80,000 na kunitupia penseli mbili.

Kilichonivuta hasa ni kwamba hadithi zimo kwa Kiingereza, Kiganda na Kiswahili. Tangu Baraza la Mawaziri lipitishe Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni, kila nikifika Kampala natafuta vitu vya watoto vya Kiswahili, na vingi ninavyovikuta ni chati za herufi na za wanyama. Hapa kwetu Busia mtoto anacheza kwa Kiswahili, anagombana kwa Kiswahili, nyanya yake anamsemesha Kisamia, halafu anaingia darasani anafundishwa Kiingereza. Hadithi za Kiswahili zilizotengenezwa Uganda si kitu cha kukiacha dukani.

Sasa boksi lenyewe.

Spika ni bure. Sauti inakwaruza, na trela likipita barabarani husikii kitu, na kwetu yanapita mchana na usiku. Ukiiacha juani kutwa inapiga kama dakika arobaini, kisha inaanza kuongea kama mlevi. Lakini hilo ningelisamehe. Nisichokisamehe ni kwamba haina kitufe cha kusimamisha. Kuna cha kwenda mbele, kuna cha kurudi nyuma, basi. Ukitaka kumuuliza mtoto jambo katikati ya hadithi, uzime spika, na ukiiwasha inaanza upya kutoka hadithi ya kwanza. Mtu aliyetengeneza kitu cha kufundisha kusikiliza akasahau kusimama, yeye mwenyewe hakusikiliza.

Nilikumbuka zile siku za korona. Shule zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa kikamilifu Januari 2022, na kaka yao mkubwa alikuwa darasa la pili. Tulimkalisha mbele ya redio kufuata masomo yaliyokuwa yakirushwa. Redio haikumngojea mtu. Akipotea dakika ya tatu, zilizobaki zote zilikuwa kelele tu, naye anatikisa kichwa kwa heshima ili tusimsumbue. Nilidhani anaelewa.

Kwa hiyo jioni ya pili niliichomoa memori kadi nikaitia kwenye simu yangu ya zamani. Tangu hapo spika iko juu ya kabati. Simu inasimama unapotaka, na sauti yake ni safi kuliko ile.

Msomaji wa hadithi za Kiswahili ana sauti nzuri ila anasoma kama taarifa ya habari, na chini ya sauti yake wameweka ngoma. Ngoma yenyewe tamu, mimi naipenda, lakini mtoto wa miaka sita anasikiliza ngoma. Mara mbili nilimuuliza hadithi inasema nini akanipigia mdundo kwa kidole mezani.

Sasa kadi. Hapa ndipo pesa yangu ilipo. Kila hadithi ina kadi tatu za picha, na kazi ya mtoto baada ya kusikiliza ni kuchagua moja inayobeba hadithi nzima. Werevu uko kwenye zile mbili ambazo si jibu. Moja inaonyesha kitu kidogo kilichomo kwenye hadithi, kile chenye rangi na kuchekesha. Nyingine inaonyesha kitu kikubwa mno, kinachoweza kukaa kwenye hadithi yoyote.

Nitawaonyesha hadithi ya nne. Inaitwa "Nyanya Zimemwagika". Kwanza tulikuwa na kesi ya jina lenyewe, kwa sababu kwetu nyanya ni mama yangu mzazi, na kijana akauliza kwa wasiwasi, "Nyanya amemwagika vipi?" Dada yake akamsahihisha: zimemwagika, si amemwagika. Tukacheka, tukaendelea. Mama mmoja anapeleka kikapu cha nyanya sokoni, boda inamgonga kidogo, kikapu kinaanguka. Nyanya zinabingirika kila upande, moja inaingia chini ya tairi la lori na kupasuka. Watu waliokuwa wakibishana bei wanaacha, wanainama wote, wanaokota. Kikapu kinajaa tena, zimepungua chache. Dakika tatu hivi.

Kadi ya kwanza: nyanya iliyopasuka chini ya tairi. Ya pili: soko lenye watu wengi. Ya tatu: watu wameinama wanaokota, mama ameshika kikapu.

Kijana hakufikiri hata kidogo. Tairi. Nikamwuliza kwa nini. "Kwa sababu ni lori, Baba."

Kijitabu kinasema mtoto akikosea umwambie jaribu tena. Nilifanya hivyo, akachukua soko, kisha akachukua iliyobaki. Hapo amebahatisha kwa zamu, hajaelewa. Nikaweka kadi pembeni.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Nikamchukua hadi barabarani, tukakaa kwenye benchi la mama wa chapati, tukatazama malori. Tangu kituo cha pamoja cha Uganda na Kenya hapa mpakani kizinduliwe 2018 gari linakaguliwa upande mmoja tu, lakini foleni ya kumtosha mtoto kucheza haijawahi kukosekana. Likaja moja la mahindi linaloelekea Kenya. Magunia hadi juu, turubai, godoro la dereva limefungwa kwa kamba, tairi la akiba, na nyuma kabisa kuku wawili wameningʼinizwa miguu juu. Nikamwuliza: lori hili limebeba nini?

"Kuku!"

"Tukiwafungua kuku tukawarudisha nyumbani, lori bado litaenda Nairobi?"

Akafikiri. "Litaenda."

"Tukitoa godoro?"

"Litaenda. Dereva atalala kwenye kiti."

"Tukishusha mahindi yote?"

Akanitazama kana kwamba nimesema kitu cha kijinga. "Sasa litaenda kufanya nini?"

Basi, hiyo ndiyo ikawa kanuni yetu. Tuliporudi nyumbani nikarudia hadithi ya nne kwenye simu, nikatandika zile kadi tatu mezani. Toa nyanya ya chini ya tairi: hadithi ipo? Ipo. Watoe watu walioinama kuokota: hadithi ipo? Akasema, "Hapana, itakuwa mama analia tu." Akaichukua kadi ya tatu mwenyewe. Ile ya soko ilitusumbua zaidi, na bado inamsumbua, kwa sababu ukilitoa soko kweli hadithi inakosa mahali pa kusimama. Kwa hiyo kadi za namna hiyo nimezitengenezea maswali mawili. La kwanza: inahusu nini? Soko, sawa. La pili: inasema nini kuhusu soko? Picha ya soko tupu haina jibu la swali la pili. Kwangu ni sawa na ajenti anayeandika "bidhaa" kwenye fomu. Hajadanganya, ila hajasema.

Dada yake wa miaka tisa ana ugonjwa mwingine. Yeye kila hadithi inahusu "tuwe na tabia njema". Nyanya zimemwagika: tabia njema. Mbuzi amekula daftari: tabia njema. Ndivyo wanavyozoea shuleni, hadithi ikiisha mwalimu anauliza tumejifunza nini, na jibu hilo halikataliwi popote. Nilimwambia atoe jibu ambalo haliwezi kukaa kwenye hadithi ya jana. Alinuna siku mbili. Siku ya tatu akaniambia ya mbuzi inahusu mtoto anayesema ukweli na hakuna anayemwamini. Nikampa mia tano ya mandazi.

Kijitabu cha mzazi, kusema kweli, kinapigana na kadi zake chenyewe. Kila hadithi ina maswali manane, na kwa nyingi saba ni ya namna hii: kikapu kilikuwa cha rangi gani, boda ilitoka upande gani, nyanya ngapi zilipasuka. Hayo ni maswali ya kumbukumbu. Kijana wangu kwenye hayo anapata yote! Ndiye yuleyule wa pikapu nyekundu. Swali la wazo kuu liko mwisho, la nane, mtoto ameshachoka na kichwa kimejaa rangi. Ushauri wangu: anza na la nane, mengine uulize ukipenda, au usiulize kabisa.

Kuhusu lugha kuna jambo ambalo sikulitarajia. Tulisikiliza hadithi ya sita kwanza kwa Kiingereza, kama shuleni. Kijana akachagua kadi ya mbwa. Kwa nini? Kwa sababu neno hilo analijua. Nikarudia hadithi ileile kwa Kiswahili, akachagua kadi sahihi bila kusaidiwa, kisha akanieleza kwa nini ile ya mbwa si yenyewe. Kumbe siku nyingi tunasema mtoto hashiki wazo kuu, na yeye anashika yale maneno matatu anayoyajua, anayakumbatia kama kamba. Jirani yetu, mwalimu mstaafu, nilipomsimulia alinitajia watafiti wawili, Gough na Tunmer, walioandika mwaka 1986 kwamba kusoma kwa ufahamu ni uwezo wa kutambua maneno yaliyoandikwa ukizidisha na uwezo wa kuelewa lugha unayoisikia. Akasisitiza: kuzidisha, si kujumlisha. Hilo nililielewa upesi kuliko alivyotarajia. Ushuru ni thamani ya mzigo mara kiwango. Kiwango kikiwa sifuri, hata mzigo uwe wa mamilioni, unalipa sifuri. Mtoto anaweza kusoma kila neno kwa sauti kubwa na nyumba nzima ikapiga makofi, lakini kama lugha yenyewe haielewi, mkononi ana sifuri.

Ndiyo maana mtaala wetu wa 2007 ulisema darasa la kwanza hadi la tatu wafundishwe kwa lugha ya nyumbani, na Kiingereza kichukue nafasi kuanzia la nne. Mjini wengi hatufuati, na mimi ni mmoja wa wazazi waliotafuta shule ya Kiingereza kwa nguvu. Siwezi kumlaumu mtu. Lakini nyumbani sasa hadithi inaanza na Kiswahili, kisha ndipo tunasikiliza ya Kiingereza, na mara hiyo ya pili anakuwa anajua anatafuta nini.

Hadithi ya 17 ni Kintu na Nambi. Ni ndefu mno kwa rika lake, dakika tisa bila kupumzika, na niliikata vipande vitatu jioni tatu. Lakini kwa mafunzo haya hakuna inayoizidi, kwa sababu ni hadithi ya watu wasiosikiliza. Ni ya Waganda, kuhusu mtu wa kwanza na mkewe. Ggulu, mwenye mbingu, anamwambia Kintu na mkewe Nambi, ambaye ni binti wa Ggulu, washuke duniani upesi, na hata wakisahau kitu wasirudi. Njiani Nambi anakumbuka ulezi, ile nafaka ya kulisha kuku wake. Anarudi. Walumbe, nduguye, ambaye ndiye kifo, anamwona na kumfuata, na tangu hapo tunakufa. Baadaye Kayikuuzi, ndugu yao mwingine, anatumwa kumkamata, anawaamuru watu wote wanyamaze, watoto wanamwona Walumbe wanapiga kelele, naye anazama ardhini pale Ttanda, njia ya Mityana, ambako mashimo yanaonyeshwa mpaka leo.

Nilisimamisha simu pale Nambi anapogeuka. Nikamwuliza kijana, baba yake alimwambia nini hasa? Akajibu, "Alimwambia wasirudi." Na yeye alishika nini? Akanyamaza kidogo, akacheka: "Alishika kuku, Baba. Kama mimi kwenye lori."

Hilo hakulitoa kwenye kijitabu wala kwangu.

Malalamiko mengine niyataje haraka. Hadithi ya 11 ilikuja na kadi mbili zinazofanana, ya tatu haimo. Nilipopiga simu dukani niliambiwa mali ikishatoka haina kurudi, kama ilivyoandikwa kwenye risiti. Ilikuwa imeandikwa kweli, kwa maandishi ya kutafutiwa miwani. Tulichora ya tatu wenyewe, na dada mtu akaichora vizuri kuliko zao. Gundi ya boksi iliachia wiki ya pili. Penseli za zawadi hazichongeki.

Ningekuwa mtengenezaji, ningeuza kadi na memori kadi peke yake kwa elfu 30, nikaachana na spika. Kama una simu inayoingia memori kadi na uko tayari kukaa na mtoto dakika kumi jioni, nunua, utapata kazi nzuri. Kama unatafuta kitu cha kuwasha ili mtoto ajifunze peke yake wakati wewe unapika, usinunue. Hiki bila mtu wa kukisimamisha na kuuliza ni redio tu, tena redio mbaya. Mwenye mtoto wa miaka minne asubiri kidogo, kadi tatu kwa mara moja ni nyingi kwake. Jirani anatumia mbili tu na anasema inakwenda.

Boksi tunalo kwa mwezi wa nne sasa. Wiki iliyopita simu ya mama watoto ilizimika tena, nikamtuma tena kijana: mwambie mama asifunge, kuna mtu analeta sukari saa kumi na moja, ni yule mwenye kofia ya Arsenal. Alikwenda akitembea, midomo inacheza. Akamwambia mama yake, neno kwa neno: "Usifunge duka, sukari inakuja." Kofia hakuitaja. Saa pia hakuitaja. Mwenye sukari alichelewa, akaamua kuja kesho yake, na mama watoto alikaa na duka wazi hadi saa tatu usiku. Aliporudi hakuniongelesha mimi, alimuuliza kijana, "Baba alisema saa ngapi?" Kijana akasema hiyo ilikuwa kuku.